Mwenye Mgando na Sanduku la Samaki

Hakumwamini mtu anayenukia sabuni. Alilisema hilo mchana kweupe, kata ya maziwa mkononi, mbele ya watu waliotoka kuoga, na hakujali nani kanuna. Mimi nilinuna. Mara ya kwanza kumsogelea nilikuwa nimejisugua mpaka ngozi inalia, na leso mpya ya dukani kichwani. Akanusa, akarudi nyuma.

"Bweni," akaniambia, na bweni kwetu ni kama kumwita mtu bibi kwa heshima, "simama hapo hapo. Nitakuletea. Usiniinamie chungu changu."

"Kwani mimi nina ugonjwa?"

"Una usafi. Afadhali ugonjwa."

Mtaani kwetu Magoudjou, hapa Moroni, tulimwita Mwenye Mgando kwa sababu maziwa ya mgando ndiyo aliyouza. Jina lake ninalijua na nitabaki nalo. Alizaliwa wapi, babu yake nani, ukoo wake unakaa uchochoro gani wa Mutsamudu kule Kinzwani, hayo waulizwe wanaopenda kuhesabu mababu. Mimi nilimjua kwa ulimi wake, mkono wake na mwendo wake.

Alikuja na wale waliofukuzwa Majunga, huko Bukini, wenzao walipouawa na nyumba zao kuchomwa. Waliletwa kwa ndege, nasi tukawapa jina la ile ndege, na jina lile tulilitamka kama mtu anayetema kokwa. Mwaka uliofuata wakashuka Wazungu wenye bunduki, wakaikamata nchi. Hao hatukuwapa jina la kutema. Hao tuliwapisha njia. Ndivyo tulivyokuwa, na sioni sababu ya kupaka rangi.

Alikuwa mfupi, mnene wa mikono, amejifunga shiromani, kile kitambaa kikubwa chekundu cha wanawake wa kisiwa cha Kinzwani, hata baada ya kukaa kisiwani kwetu Ngazidja miaka, na wanawake wa Moroni wakimcheka kwamba amevaa pazia. Aliwajibu kwamba pazia huwekwa mahali penye kitu cha kuficha, na wao hawana. Subira ya watu hakuwa nayo kabisa. Ukichelewa kuitikia salamu yake ameshapita. Teksi ikisimama kungoja abiria wa mwisho, anashuka, anatukana mlango, anakwenda kwa miguu mpaka Ntsoudjini kuyapokea maziwa yanayoteremshwa na wachungaji wa juu. Tulimwona anarudi, ndoo kichwani, jasho linamtiririka, na teksi ileile iko nyuma yake inapiga honi. Hakugeuka.

Lakini mtu huyohuyo aliweza kukaa mbele ya chungu nusu ya siku bila kukigusa. Hilo ndilo lililonishinda kulielewa. Kwa binadamu alikuwa radi. Kwa kitu kinachojipika chenyewe alikuwa jiwe.

Nyumbani kwake, chumba kimoja cha kupanga chenye kiwanja kidogo, ungeweza kula chini. Alifagia asubuhi, akafagia adhuhuri, na mtoto akikanyaga na miguu ya tope alimrudisha mlangoni akanawe. Yeye mwenyewe alioga kila anapoingia na kila anapotoka, akajipaka sandali usoni kama mwari. Basi watu wakamwona kigeugeu: mbona mtu msafi hivi anachukia sabuni? Hakuichukia. Aliikataza mahali pamoja tu: ndani ya vyungu vyake. Vile aliviosha kwa maji matupu, kwa kiganja, bila kusugua, na daima aliacha chini kabaki ka maziwa ya jana.

"Chungu kipya hakigandishi," aliniambia baada ya miezi ya kununua kwake, nilipokwisha kuruhusiwa kukaa kwenye kibao. "Ukitia maziwa yanaoza tu. Mpaka uchukue ya zamani, uyapake mle, umwage maziwa ya kwanza, umpe paka ya pili. Ndipo wenyeji wanapohamia."

"Wenyeji gani?"

"Wanaofanya kazi. Mimi ninauza tu. Ukiwapiga sabuni, umewafukuza, na kesho utaniambia Mwenye Mgando mwizi, maziwa yake machungu."

Na mgando wake, Mungu shahidi, ulikuwa unakatika kwa kijiko kama muhogo uliopikwa vizuri. Kwetu harusi kubwa, ile ambayo familia inaingojea nusu ya maisha, haiwi harusi bila sinia za wali na maziwa ya mgando. Nilipoanza kutengeneza harusi ya binti yangu sikuzunguka. Nilimwambia: maziwa yatatoka kwako. Akaniambia kwamba amechelewa kuambiwa. Hakuwa mtu wa kusema asante.

Sasa nieleze ile nyumba, maana bila nyumba hamtaelewa samaki. Ngazidja nyumba ni ya mwanamke. Binti haendi kwa mume, mume ndiye anayeingia. Nyumba ya binti yangu ilijengwa tofali kwa tofali tangu hajaota meno, na ilipofika wakati wa kuijaza, kaka yangu aliyeko Marseille akaleta kreti kwa meli. Meli ikatia nanga mbali, mashua zikaileta kreti bandarini, wanaume wakaibeba kama jeneza la sultani. Ndani mlikuwa na makochi yaliyovikwa nailoni, taa ya kuning'inia, na sanduku la kioo refu kama mkono uliounganishwa na mwingine. Kaka yangu alikuwa amekwenda kung'oa jino, akaona sanduku kama lile kwa daktari, samaki wanaogelea sebuleni, akasema mpwa wake lazima apate.

Mji mzima ulikuja kulitazama. Nilijivuna, sikatai. Nani mwingine Magoudjou alikuwa na bahari ndani ya kuta?

Ila si bahari. Samaki walitakiwa wa maji baridi, na Ngazidja hatuna mto. Mvua ikinyesha mawe ya volkano yanaimeza, nasi tunakunywa ya birika, yale matangi ya mawe ya kukingia mvua. Nikamwagiza baharia, akaniletea kutoka mto wa Mutsamudu samaki wadogo wa mikia ya rangi, ndani ya debe la mafuta. Nikaliosha sanduku kwa limau, kwa sabuni, na kwa maji ya javeli yale yanayorudisha weupe wa kanzu. Kioo kikawa hakionekani. Nikatia maji safi ya birika, nikatia samaki. Hawakufika Ijumaa. Nikaagiza wengine. Safari hii nikaosha mara mbili zaidi, nikawa nabadilisha maji yote kila asubuhi na kusugua kila pembe. Wakafa upesi kuliko wa kwanza, matumbo juu, na mmoja alikuwa mzuri kama hereni.

Mwenye Mgando alinikuta mikono yangu imo mle, povu mpaka viwikoni.

"Unaosha maiti?"

"Naosha nyumba ya samaki."

"Ndivyo nilivyosema."

Akaweka ndoo chini. Siku ile ndipo nilipojua kwamba Majunga alikuwa mtumishi katika nyumba ya mfanyabiashara Mhindi aliyekuwa na sanduku kama langu, na kwamba ameua samaki wengi kunishinda mimi. Alikuwa akiosha kama ninavyoosha, wanakufa, bibi wa nyumba anapiga kelele. Kisha homa ikamlaza wiki nyingi, hakuna aliyeligusa sanduku. Alipoamka akakuta mawe yana utelezi, mchanga umegeuka rangi, na samaki waliobaki wanene, wamezaa. Akakaa mbele ya kioo akafikiri. Halafu akakumbuka chungu chake.

"Samaki anakunya, bweni," akaniambia. "Anakunya humohumo anamopumulia. Wewe ukifungiwa chooni na mlango ukazibwa, utaishi? Wanatakiwa wawepo wa kula ile sumu kabla haijajaa. Hawaonekani. Wanakaa kwenye mchanga na kwenye vitundu vya mawe. Wewe kila asubuhi unawachoma na javeli, halafu unawalilia samaki."

"Sasa nitawapata wapi hao?"

"Kwa wenzao. Utawapata wapi vinginevyo, dukani?"

Dada yake alikuwa Mutsamudu, mgonjwa wa siku nyingi, na uani kwake kulikuwa na birika la mawe la zamani ambalo maji ya mto hupita, na samaki wamezaliana mle tangu enzi za bibi zao. Mwenye Mgando alikuwa anakwenda kumwona. Akaniambia ataniletea. Nilimngoja kama mtu anayengojea dhahabu. Aliporudi ameshika debe moja dogo la samaki, na ndoo nzima ya mchanga mweusi wenye tope, imefunikwa kitambaa kibichi.

"Umevuka bahari," nikamwambia, "ukaniletea tope?"

"Samaki ni wageni tu. Tope ndilo lenye nyumba."

Na lile tope lilikaribia kumtia jela. Hadithi hii niliisikia kwake na nikaisikia kwa wavuvi wa bandarini, na safari hii wote walisimulia sawa. Siku zile, mzigo ukishuka bandari ya Moroni unapekuliwa. Askari Mzungu, nguo nyeusi, mikono imekunjwa, alikuwa amesimama na askari wa kwetu wa kumtafsiria. Akaiona ndoo. Akauliza nini.

"Mchanga," akasema Mwenye Mgando.

"Wa nini?"

"Wa harusi."

Mzungu akanusa, akakunja uso. Akaamuru umwagwe, uoshwe kwa maji ya bahari, aone kama mna risasi. Maji ya chumvi yangewaua wenyeji wake wote, naye hilo alilijua. Basi akafunika kitambaa vizuri, akakaa juu ya ndoo. Mtu mzima, mbele ya bunduki, amekaa juu ya ndoo kama kuku anayelalia.

"Mama, inuka," yule askari wa kwetu akamwomba kwa sauti ya chini. "Huyu hana mchezo."

"Mwambie atie mkono. Atafute risasi mpaka achoke. Lakini kwanza muulize, ameoga na sabuni?"

Kijana wa watu sijui alitafsiri nini. Wavuvi wanasema alitokwa na jasho. Mzungu akamtazama yule mwanamke muda mrefu, kisha akachuchumaa, akazamisha mkono mpaka kiwiko, akakoroga, akatoa konokono. Bandari nzima ikacheka, na yeye akacheka kidogo, akasema apite. Msidhani ninamsifu. Watu walichukuliwa kwa neno dogo kuliko lile na mama zao wakakaa milangoni wakingoja. Ninamsifu aliyekaa juu ya ndoo.

Akautandaza mchanga sandukuni kwa mkono wake. Akataka mawe yetu meusi ya volkano yenye vitundu, akayasuuza kwa maji matupu, akayapanga. Akajaza maji ya birika polepole, juu ya sahani, ili mchanga usitibuke. Samaki hakuwatia. Wale aliwaweka kwake kiwanjani, kwenye beseni, na maji yao ya Mutsamudu na konzi ya mchanga wao. Katika sanduku langu la Marseille alitupa chembe ya samaki mkavu, ioze.

"Nani atakula hicho?"

"Wenyeji. Unataka wafanye kazi na njaa?"

Maji yakageuka meupe kama ya kuoshea mchele. Mimi nikashika kichwa. Kila asubuhi alipoleta maziwa alipitia sebuleni, akachovya kidole, akanusa, akasema "Bado." Akaondoka. Mimi harusi inakaribia, taa inawaka, makochi yanang'aa, na katikati ya sebule kuna sanduku la ukungu linalonuka samaki mkavu. Nilikamata kitambaa na javeli siku moja, nikasimama mbele yake. Binti yangu akaninyang'anya. Alisema, "Mama, nyumba hii ni yangu." Kweli ilikuwa yake. Nikafurahi na nikakasirika pamoja.

Hapo ndipo lilipokuja jambo lenyewe. Shangazi wa bwana harusi, mwanamke wa mji, bangili mpaka hapa, alikuja na wenzake kuikagua nyumba, kama desturi. Alishika mapazia, alikalia kochi, alifungua makabati. Akafika kwenye kioo. Akainama, akaona chembe ya samaki inaota manyoya ndani ya ukungu.

"Hiki nini?"

Nikamweleza. Nilimweleza vizuri tu, kama nilivyoelezwa.

"Nani kakufundisha kutia uchafu katika nyumba ya mwari?"

"Mwenye Mgando."

"Yule wa ndege?" Akawageukia wenzake. "Na ndiye atakayetulisha maziwa siku ya harusi? Mtu anayefuga uozo! Sisi watu wetu hawatakula mkono ule. Mletee mwanangu maziwa ya mkono mwingine, au sinia zitarudi kama zilivyokuja."

Nataka mjue maana ya neno lile. Sinia ya maziwa ikirudi jikoni haijaguswa, mbele ya mji mzima, hakuna nyumba itakayonunua tena kwa aliyeyagandisha. Si Magoudjou, si popote. Na huyu hakuwa na nyumba, hakuwa na mume, hakuwa na shamba. Alikuwa na chungu. Tena alikuwa amesimama mlango wa jikoni, ndoo mkononi, amesikia kila kitu.

Nilimngojea afungue ule ulimi wake. Nilitaka aufungue! Akaifunika ndoo kwa kitambaa, akakaza fundo. Ilinitisha kuliko matusi yake yote. Shangazi alipokwenda nikamwambia, "Maziwa ni yako. Mimi sibadilishi."

"Najua hubadilishi. Wewe ni mkaidi." Akavuta shiromani. "Nitaleta, nami nitasimama pale pale niwaone kwa macho yangu. Wale, au wamwage."

Ukungu uliondoka wenyewe, asubuhi moja, kama mtu aliyefungua pazia. Maji yakawa wazi mpaka mawe ya nyuma ukayaona vitundu vyake. Akachovya kidole, akanusa, akachovya tena. Hakusema bado. Akaleta samaki mmoja tu, wa kijivu, asiye na uzuri, akamwacha peke yake siku kadhaa. Akaishi. Akaleta wengine kidogokidogo, na mwisho wale wa mikia ya rangi. Nilikuwa naamka alfajiri kuwaangalia kabla ya kusali, Mungu anisamehe.

Siku ya harusi, vyungu vyake vilikuwa vya kwanza kufika. Alivipanga jikoni, akavifunika vitambaa vyeupe, akasimama karibu navyo kama askari. Sebule ilijaa wanawake wa dhahabu na hariri, watoto wamebandika pua kwenye kioo, na mimi ninapita katikati yao nimenyoosha shingo. Shangazi aliingia, akawaona samaki wanacheza, akawapisha watoto kwenye kioo. Nikafikiri, yamekwisha.

Hayakuwa yamekwisha. Alishika mrashi. Ni desturi, aliyeheshimika huwanyunyizia wageni marashi ya waridi, naye akanyunyizia vichwa, akanyunyizia mapazia, akanyunyizia kochi, na alipofika kwenye sanduku lisilo na kifuniko akanyunyizia mle pia, kwa mkono mkunjufu, akisoma dua. Sisemi kwamba alikusudia. Mkono wake ulikuwa umeshika baraka na baraka ilimwagika. Punde samaki karibu wote wakapanda juu, midomo wazi, wanahema.

Mtoto akapiga kelele. Mwenye Mgando akatoka jikoni. Hakuuliza. Akafunga shiromani kiunoni, akachukua sufuria, akaanza kuteka maji na kuyamwaga ndooni, na nusu ikimwagika juu ya zulia la Marseille.

"Zulia!" nikalia.

"Zulia halipumui! Leteni maji ya birika! Nyie wa dhahabu, mna mikono ya nini?"

Na wallahi walitii. Wanawake wa mji, wanaovaa mkufu mzito kuliko mtoto mchanga, wakapanga mstari kutoka birikani mpaka sebuleni, wakapokezana masufuria. "Nusu!" alikuwa anapiga kelele. "Nusu tu! Mchanga msiuguse! Mawe yaacheni!" Shangazi mwenyewe alipokea sufuria, akapitisha, hariri yake ikalowa. Samaki wakatulia, wakashuka mmoja mmoja. Yule wa kijivu hakupanda kabisa. Alikufa mmoja tu, nikamficha kwenye kikombe cha kahawa kabla bwana harusi hajaingia.

Mwenye Mgando alikuwa bado anakamua nguo yake pale mtu wa bandarini alipokuja kumwita. Chombo cha Mutsamudu kinaondoka, na dada yake amezidiwa, wameambiwa asichelewe. Alitazama mlango wa jikoni. Vitambaa vyeupe vilikuwa bado juu ya vyungu. Nje tulisikia ngoma za bwana harusi zinakaribia.

"Hawajala," akasema.

"Nenda. Nitakuambia."

"Wewe mwenyewe?"

"Mimi mwenyewe."

Akaondoka amelowa mpaka kiunoni.

Dada yake alikufa, akabaki kuwalea watoto wa marehemu. Nilimtumia salamu kwa mabaharia, nikamwambia harusi ilikwenda vizuri, njoo. Jibu lililorudi ni hili: habari ya maziwa ya mkono wangu siipokei kwa baharia, mwambie bweni aje mwenyewe, aliahidi. Na kweli yapo niliyokuwa nayo ambayo baharia asingeyabeba. Shangazi alikuwa sasa mkwe wangu. Neno lingetoka kinywani mwa baharia likafika sokoni kabla chombo hakijafungwa kamba. Basi nikalimeza. Miaka ikapita, mume wangu akaugua, wajukuu wakazaliwa, na wajukuu wangu, sisemi kwa kujisifu, wote ni wazuri na wana akili. Sanduku la samaki lilibaki. Mabibi harusi wa Magoudjou walikuja kwa binti yangu kuomba konzi ya mchanga kabla ya kutia samaki, naye akawapa, akiwakemea kwa sauti ambayo si yangu: sabuni marufuku.

Mkwe wangu, mume wa binti, alipohamishiwa kazi Mutsamudu, nikaenda kuwaona. Wale Wazungu wa bunduki walikuwa bado wapo. Siku ya pili nilitoka peke yangu, nikaingia katika vichochoro vya mji wa kale, vyembamba, bega kwa ukuta, nikauliza mlango kwa mlango. Nikamkuta amekaa kizingitini anachambua mchele kwa vidole, maana macho yalikuwa yamemwacha. Mikono ile minene ilikuwa imekonda.

Nilitoa salamu. Vidole vikasimama.

"Walikula?" akasema.

Hakuniuliza hali, hakuniuliza safari. Nikakaa karibu yake nikamweleza. Bwana harusi alianza, maana alikuwa hajala tangu alfajiri, akala kama mtu aliyetoka kulima. Rafiki zake wakafuata. Sinia zilirudi jikoni zimefutwa mpaka maua yaliyochorwa chini yakaonekana.

"Na yule?"

"Alikaa mikono mapajani. Aliwaambia watu amefunga."

"Siku ya harusi?"

"Siku ya harusi."

Akarudia kuchambua mchele. "Basi hakula," akasema, taratibu, na uso wake ukajifunga.

"Ngoja nimalize, wewe. Subira huna hata uzeeni! Wageni walipotoka, alasiri, niliingia jikoni kufunga kabati. Nikamkuta nyuma ya mlango. Amekaa chini, hariri na yote. Bangili amezipandisha mpaka juu ya kiwiko. Chungu cha mwisho kiko katikati ya magoti."

Sinia ya mchele ikainama mapajani mwake. "Anakula kwa kijiko?"

"Kwa mkono. Bila wali."

"Akasema nini alipokuona?"

"Akasema, 'Nilikuwa naangalia kama yameharibika.'"

"Na yalikuwa yameharibika?"

"Aliangalia mpaka chini kabisa. Alikuwa anakwangua."

Mabega yake yakaanza kutikisika. Nilidhani analia, nikamshika. Alikuwa anacheka bila sauti, mdomo wazi, mchele unamwagika kizingitini na kuku wa jirani wanakuja kuuokota, na yeye, mwanamke aliyefagia mara mbili kwa siku, hakuwafukuza. Nikamwambia kwamba shangazi ni marehemu sasa, Mungu amrehemu, ndiyo maana kinywa changu kimefunguka. Akamwombea rehema, kwa moyo safi, nilisikia. Kisha akapapasa mpaka akaushika mkono wangu.

"Rudia," akasema. "Anzia kwenye bangili."